Mia na Hamsini kwa Mia Moja

Jumanne ile Frida alirudi kutoka zahanati akiwa na kadi yake ya kliniki na barua ya rufaa. Hakuingia ndani. Alikwenda moja kwa moja kwenye banda la bati lililo mbele ya nyumba yao, kando ya barabara ya Michenga, ambako mume wake, Wendelin, alikuwa amechuchumaa akitoa tyubu kwenye tairi la trekta. Akampa vyote viwili, kadi na barua, kisha akakaa juu ya rimu kuukuu kwa sababu miguu ilikuwa imemkatalia.

"Nesi Omega kasema nikalazwe Ifakara," alisema. "Leo hii. Presha iko juu, na kwenye mkojo kaona protini."

Wendelin alifuta mikono kwa tambara. Barua aliichomeka mfukoni bila kuikunjua, kadi akaisogeza kwenye mwanga. Huyu bwana hakuwa mtu wa barua. Namba, hata hivyo, alizipenda, na namba za presha ndizo zilizompa jina. Mafundi wengine wa barabara hiyo walipiga tairi teke wakasikiliza mlio. Wendelin alikuwa na geji, na alijua kuisoma. Wakati wa mavuno, Fuso zilipomiminika bondeni kubeba mpunga, madereva walimwita Daktari wa Upepo na walimpita fundi yeyote kumfuata yeye. Tairi la gari tupu alilijaza sabini. Gari likipakia, mia na kumi. Dereva mwenye tamaa akizidisha magunia, mia na thelathini, na mara moja alijaza mia na arobaini na tano kwa mtu aliyepakia kama anahama nchi.

Alishuka na kidole kwenye safu ya namba. Mwezi wa pili, 110 kwa 70. Mwezi wa nne, 120 kwa 80. Mwezi wa tano, 130 kwa 85. Leo, 150 kwa 100.

"Mbona hii si mbaya," alisema.

"Nesi kasema ni mbaya, baba Edna."

"Nesi anasema alivyokariri. Tazama hapa. Mwezi wa pili ulikuwa huna mzigo, ukasoma mia na kumi. Mtoto akaongezeka, mia na ishirini. Akaongezeka tena, mia na thelathini. Sasa yuko miezi saba, unataka isome ngapi? Gari lenye mzigo halijazwi sawa na gari tupu. Ingeshuka, hapo ndipo ningeogopa."

Frida alijikanda paji la uso. Alikuwa mwanamke mrefu, mchapakazi, aliyelima jaruba zima la mpunga mwaka uliopita bila kibarua hata mmoja, na si kawaida yake kukaa na kujikanda mbele za watu. "Kichwa kinaniuma tangu Jumapili," alisema.

"Ulikwenda kwa miguu?"

"Nikapande nini?"

"Jua la saa tano, umetembea, halafu anakupima ukiwa wa moto." Wendelin alitikisa kichwa kwa huruma ya mtu anayejua kazi ya mwenzake kuliko mwenyewe. "Tairi lililotoka safari halipimwi. Likipimwa la moto linazidisha kumi, kumi na tano. Ndiyo maana mimi namwambia dereva akanywe chai kwanza."

"Alinikalisha kwenye benchi nipumzike. Akapima mara mbili."

"Muda gani ulipumzika?"

"Sikuwa na saa."

"Basi."

Ubaya wa maneno ya Wendelin ni kwamba nusu yake ilikuwa kweli. Mtu anayepimwa presha hupumzishwa kwanza, na Omega alifanya hivyo kama alivyofundishwa. Lakini Wendelin aliishika ile nusu akaifanya nzima, na Frida, aliyeishia darasa la saba na aliyeona kwa macho yake watu wazima wakisimama kwa adabu kusubiri mume wake atamke namba, alianza kuamini kwamba huenda kweli ni jua.

Balbina, mama yake Wendelin, alitoka jikoni na ungo wake wa mchele. Aliangalia miguu ya mkwewe, iliyovimba mpaka ukanda wa kandambili ukazama kwenye nyama, akatabasamu.

"Huyo ni wa kiume. Mimi kwa huyu Wendelin, kule Mahenge, nilitembea peku miezi miwili."

"Mama, nesi kasema tusilale hapa leo," Frida alisema.

"Mwanangu, mimi sijui mambo ya mashine. Mwulize mwenzio."

Na mwenzie akaamua. Frida asiende shamba, asisimame juani, akae ndani kwenye ubaridi, aoge maji ya baridi asubuhi na jioni. Jumamosi magari yatakuwa yamepungua, watakwenda Ifakara wote wawili wakapime tena akiwa amepoa. Alisema haya kwa upole, tena kwa mapenzi, na jioni hiyo alimchotea maji yeye mwenyewe, jambo ambalo majirani walilisemea. Frida alipooga, kichwa kilitulia kidogo.

"Unaona?" Wendelin alimwambia.

*

Alhamisi alasiri nesi Omega alipita na pikipiki ya zahanati akitoka kuchanja watoto vitongojini. Alikuwa binti wa miaka ishirini na minne au na mitano, mwaka wake wa kwanza kazini, na sauti yake ilikuwa bado haijazoea kuamrisha. Alipomwona Frida amekaa kizingitini mwa nyumba alisimamisha pikipiki katikati ya barabara.

"Mama Edna? Si nilikupa rufaa juzi?"

Frida alimtazama mumewe. Bandani palikuwa na madereva wawili na matingo wao, na mmoja wa madereva hao alikuwa Polikarpo wa Kidatu, mteja mkubwa kuliko wote. Wendelin alisimama.

"Karibu, dada. Rufaa tumeipata. Tunakwenda Jumamosi."

"Jumamosi ni mbali, baba Edna. Uso wake umevimba. Juzi haukuwa hivi."

"Amelala sana, nimempumzisha. Wewe ulimpima akiwa wa moto."

"Nilimpumzisha kabla ya kumpima."

"Na mia na hamsini ni nini? Hapa mimi nimejaza mia na arobaini na tano kwa mkono huu, gari likafika salama. Mwulize Polikarpo." Polikarpo alicheka, akainua mkono kukiri. "Mzigo ukiongezeka presha inaongezeka. Hiyo siyo ya kusomea chuo."

"Hizo siyo namba za tairi," Omega alisema. Shingo ilikuwa imeanza kumtoka jasho. "Nyie mnapima kwa vipimo vyenu. Sisi tunapima kwa milimita za zebaki."

"Milimita?" Wendelin aliwageukia wenzake kabla ya kumjibu. "Milimita ni za rula, dada. Upepo unaupimaje kwa rula?"

Banda zima lilicheka. Hawakucheka kwa ubaya. Walicheka kwa sababu ilikuwa alasiri ya joto na mwenyeji wao kamjibu vizuri msomi. Omega alisimama na kofia ya pikipiki mkononi. Alijua kwamba yuko sahihi, na alijua pia kwamba hana namna ya kuigeuza mia na hamsini yake iwe ya tairi ili watu hawa waielewe, kwa kuwa chuoni hakuna aliyewahi kumwomba afanye hivyo.

"Sijui kuigeuza iwe yenu," alisema mwishowe. "Najua tu kwamba inaua."

Kicheko kilikatika. Wendelin alikasirika, maana neno lile halisemwi mbele ya mjamzito. "Usimtabirie mke wangu kifo, dada. Nenda na kazi zako."

Omega alimwendea Frida pale kizingitini, akainama. Aliongea naye kwa sauti ndogo: akiona vimulimuli machoni, au tumbo likimwuma hapa juu chini ya mbavu, asimngoje mtu. Apande chochote kinachopita. Frida aliitikia kwa kichwa. Vimulimuli alikuwa ameviona tangu asubuhi. Alitaka kusema, na neno lilikwishafika mdomoni, lakini madereva walikuwa wanatazama, na kusema ni kumvua nguo mumewe mbele ya wateja wake. Alisema asante, nesi, akaingia ndani.

*

Ijumaa asubuhi, saa tatu kasoro, Fuso ya Polikarpo ilikuwa juu ya jeki mbele ya banda, imepakia mpunga mpaka turubai linataka kupasuka. Tairi la mbele kushoto lilikuwa chini, limeshazibwa, na Wendelin alikuwa ndiyo kwanza amechomeka mpira wa kompresa kwenye valvu. Kompresa yake ilikuwa ndogo, ya petroli, yenye makelele mengi na upepo kidogo. Kwa sababu ya makelele hayo hakusikia kitu mpaka mama yake alipomshika bega.

"Frida kaanguka."

Alikuwa sakafuni jikoni, karibu na mafiga. Mwili mzima ulikuwa unajikaza na kuachia, macho yamegeuka, povu lenye damu linatoka pembeni mwa mdomo kwa kuwa ameuma ulimi. Edna, binti yao wa miaka sita, alikuwa amesimama na sare ya shule akimwita mama yake kwa sauti ya kawaida kabisa, kama mtu anayemwamsha mwenzake asichelewe. Wendelin alipiga magoti akamshika Frida mabega ili atulie, hakutulia. Katika maisha yake yote alikuwa hajawahi kuogopa namna hiyo. Jirani mmoja alisema ni mashetani, aitwe mtu wa maombi. Balbina, ambaye siku nyingine angekubali, alimwambia afunge mdomo akamlete nesi.

Omega alifika mbio, bila kofia, na kisanduku cha dawa. Hakumtazama Wendelin. Alimlaza Frida ubavu, akamfunga mkononi kitambaa cha kupimia presha, akakijaza, akasikiliza, akakiachia. "Mia na tisini kwa mia na ishirini," alisema, bila kumwambia mtu yeyote. Alimchoma sindano mbili, moja kila paja, akapiga simu. Gari la wagonjwa lilikuwa njia ya Mlimba na mgonjwa mwingine. Kurudi kwake ni zaidi ya saa mbili.

"Hazipo saa mbili," Omega alisema. "Kuna gari gani hapa?"

Kulikuwa na moja tu, na lilikuwa na magurudumu pungufu.

Polikarpo hakungoja kuombwa. Aliparamia juu ya Fuso, akakata kamba za turubai kwa kisu, akaanza kusukuma magunia chini. Hayakuwa yake, yalikuwa ya tajiri mmoja wa Morogoro ambaye hakuwa mtu wa kusamehe gunia. Yaliangukia barabarani, mengine yakapasuka, mpunga ukatawanyika kwenye vumbi, na watu walioshikilia mali yao kwa kucha mwaka mzima waliukanyaga wakipita kusaidia.

Wendelin alikuwa amerudi kwenye tairi. Hakukuwa na mtu mwingine wa kuifanya kazi ile. Alishika mpira wa upepo kwa mkono mmoja na geji kwa mwingine, na hatua chache mbele yake wanawake walikuwa wamemleta Frida kwenye mkeka, tayari kupakiwa. Ishirini. Ishirini na tano. Kompresa ilikohoa. Thelathini. Frida akaanza tena kutetemeka, na wanawake wakamzungushia khanga asionekane, na Wendelin akabaki anaona nyayo zake tu, zile zilizovimba, zinapigapiga mkeka. Thelathini na nane.

"Toa, twende," Polikarpo alisema.

"Haitoshi. Itakaa kwenye rimu. Hata tupu inataka sabini."

"Wendelin."

"Angalau sitini, kaka."

"Wendelin, mke wako anakufa. Toa hiyo kitu."

Aliitoa ikiwa arobaini na mbili. Walifunga nati wakiwa watatu, mikono inagongana, na nati moja iliangukia kwenye mpunga hawakuitafuta. Waliondoka na nati tano.

*

Hospitalini mlinzi alimzuia getini kwa sababu ya mikono. Alikuwa mweusi wa grisi na vumbi mpaka viwiko, na ovaroli yake ilikuwa na damu ya ulimi wa Frida. Akanawe bombani kwanza. Alinawa bila sabuni, grisi haikutoka, na alipoitwa kusaini fomu ya upasuaji aliacha alama ya kiganja juu ya karatasi. Karani aliitazama ile alama, akaleta fomu nyingine, akaweka gazeti kuukuu chini ya mkono wake. Wendelin alisaini polepole, kama mtoto wa shule.

Saa nane mchana daktari alitoka. Alikuwa mama wa makamo, amechoka, na viatu vyake vya mpira vilikuwa vinalia sakafuni. Alimkalisha Wendelin kwenye benchi la ukumbini, akakaa naye. Mkononi alikuwa na ile kadi.

"Mkeo yuko hai," alisema. "Bado hajaamka. Ni kifafa cha mimba, na degedege limempiga mara tatu kabla hatujalizuia. Mtoto tumemtoa. Ni wa kiume, mdogo sana, kilo moja na robo, na hapumui vizuri. Tunajitahidi."

Wendelin aliitikia kila neno kwa kichwa.

"Sasa nataka unieleze jambo moja. Kadi inaonyesha alipewa rufaa Jumanne. Leo Ijumaa. Mlikuwa wapi?"

Angeweza kusema nauli. Angeweza kusema gari. Watu wengi husema hivyo na daktari huandika hivyo. Lakini Wendelin alikuwa amechoka mno kutafuta uongo, na labda ndani yake bado alitumaini kwamba mtu aliyesoma zaidi ya nesi atamwelewa, basi alimweleza. Alimweleza tairi tupu na tairi lenye mzigo. Alimweleza kuhusu kupima likiwa la moto. Alimweleza ile mia na arobaini na tano iliyofika salama. Mwanafunzi wa uuguzi aliyekuwa amesimama karibu na faili alibana kicheko, kisha akaona aibu akaondoka.

Daktari hakucheka. Alitoa kalamu mfukoni, akaisimamisha juu ya goti lake.

"Wewe unapima kwa pauni, siyo? Pauni ngapi zinasukuma kila inchi ya mraba ya tairi. Sisi zamani tulitumia mrija wa zebaki. Zebaki ni madini, nzito mno, ila inamiminika kama maji. Damu ikisukuma, ile zebaki inapanda mrijani, na tunapima imepanda milimita ngapi. Ni rula, ndiyo. Milimita mia na ishirini ni mtu mzima wa afya. Mia na hamsini ni urefu wa kalamu hii."

"Ndiyo, daktari."

"Ukitaka kuigeuza iwe ya kwako, gawanya kwa hamsini na moja, hamsini na mbili hivi. Mia na hamsini ya mkeo inakuwa tatu. Haijafika hata tatu."

Wendelin hakuelewa mara moja. "Tatu nini?"

"Tatu kwenye geji yako."

Tairi lenye tatu ni tairi lililolala. Hata baiskeli haiendi na tatu. Mpira wa watoto unataka nane. Alikuwa amemfananisha Frida na gari lenye mzigo, na kumbe mwili wake wote, na mtoto ndani yake, ulikuwa unaishi kwenye sehemu ya geji ambayo yeye huwa haiangalii, pale sindano inapotetemeka kabla haijaanza kupanda.

"Na leo?" aliuliza. "Mia na tisini?"

"Tatu na nusu na kidogo."

"Nusu tu imeongezeka."

"Nusu tu," daktari alisema. "Mishipa ya kichwani haina uzi wa chuma ndani kama tairi." Alirudisha kalamu mfukoni, akasimama, akamgusa bega. Hakusema kwamba angemleta Jumanne ingekuwa vingine. Wendelin alimngoja aseme, na aliona ni adhabu kubwa zaidi kwamba hakusema.

*

Mtoto aliishi saa nne. Balbina, aliyefika na basi la mchana, aliomba maji ya chupa kwa mama mmoja wodini, akambatiza mwenyewe kwa kidole, kama walivyofundishwa na mapadre kwamba hatarini mtu yeyote anaweza, akampa jina la Stanislaus. Jumamosi walimzika Michenga. Wendelin alilibeba boksi lenye mwili wake mapajani mpaka nyumbani, na Jumapili alfajiri alirudi hospitali na mama yake, kwa sababu Frida alikuwa ameamka.

"Asiambiwe," Balbina alisema mlangoni mwa wodi. "Mwenye presha hapewi habari ya msiba. Itampanda, tumpoteze na yeye."

Nesi wa wodi alikunja uso. "Mimi sipendi hivyo, mama. Akiniuliza mwenyewe sitamdanganya."

"Hatakuuliza. Tutamwambia yuko kwa watoto njiti. Mpaka ishuke."

"Ishuke mpaka ngapi?" Wendelin aliuliza. Alijishangaa kusikia sauti yake.

Nesi alimtazama. "Chini ya mia na arobaini kwa tisini. Ikikaa hapo, mwambieni. Haki yake."

Basi Wendelin akaanza kuingoja namba. Jumapili ilikuwa mia na sitini na tano kwa mia moja na tano. Frida alikuwa dhaifu, uso umeanza kunywea, ulimi una kidonda, na alipouliza mtoto yuko wapi Balbina alimjibu haraka haraka, yuko kwenye joto, ni njiti, anaendelea. Frida aliuliza ni wa kike au wa kiume. Akaambiwa wa kiume. Hakuuliza tena. Jumatatu ilikuwa mia na sitini kwa mia moja. Jumanne, mia na hamsini kwa mia moja, ile ile ya kadi, na Wendelin alitoka nje akakaa karibu na bomba mpaka muda wa kuona wagonjwa ulipokwisha.

Kila asubuhi alikuja na uji kwenye chupa ya chai. Kila asubuhi alisimama miguuni mwa kitanda wakati nesi anajaza kitambaa, na moyo wake ulivutwa pande mbili. Aliomba ishuke, maana ikishuka Frida ataishi. Na kila iliposhuka kidogo alipata woga ule wa jikoni, kwa kuwa siku ya kusema ilikuwa inasogea, na hakuna mtu mwingine wa kusema. Mama yake alikwisharudi kumwangalia Edna. Usoni kwa Frida hakuweza kusoma chochote. Alikunywa uji wote. Alimeza vidonge bila kuhimizwa, akalala kwa ubavu wa kushoto, na kama kuna neno alijibu kwa kifupi.

Ijumaa nesi alipima, akaachia, akapima tena.

"Mia na thelathini kwa themanini na tano," alisema. "Jana jioni pia ilikuwa hapo. Hongera, mama Edna." Aliandika kwenye chati, akamtupia Wendelin jicho, akavuta pazia kati ya kitanda kile na kingine, akaenda zake.

Wendelin alikaa kwenye ukingo wa kitanda. Usiku kucha alikuwa amepanga maneno. Alishika mfuniko wa chupa ya chai, akaufungua, akaufunga.

"Mama wa kitanda kile ana mtoto njiti," Frida alisema, akionyesha pazia kwa kidevu. "Kila baada ya saa tatu wanamwita akakamue maziwa. Mpaka usiku wanamwamsha. Mimi maziwa yangu yalianza kutoka Jumapili. Nimejifunga khanga yasilowanishe shuka. Sijaitwa hata mara moja."

Wendelin aliinamisha kichwa.

"Na niliwasikia mlangoni. Mama ana sauti kubwa." Alipumzisha ulimi wenye kidonda. "Nikasema basi, ikiwa wananingoja nishuke, nitashuka. Sikulia. Nikijisikia kulia nahesabu mabati ya dari. Nimekaa siku sita silii, baba Edna, ili uniambie kwa mdomo wako."

"Frida."

"Imeshuka. Sema."

Akasema. Alimwambia mtoto aliishi saa nne, kwamba bibi yake alimbatiza akamwita Stanislaus, kwamba alikuwa na nywele nyingi, kwamba kaburi liko karibu na la babu yake. Na kwa kuwa Frida aliendelea kumtazama, alimwambia na lile ambalo hakuulizwa: kwamba nesi Omega alikuwa sahihi tangu Jumanne ile, kwamba yeye Wendelin alilinganisha vitu viwili visivyolingana, na kwamba siku ya Alhamisi, walipocheka, alifurahi.

Frida alimsikiliza mpaka mwisho. Kisha alifungua khanga aliyokuwa amejifunga kifuani, akageukia ukutani, akaanza kulia. Wendelin alinyoosha mkono kumshika bega, akaurudisha, kwa sababu hakujua kama bado anaruhusiwa.